Shotgani fupi isiyo na kitako: kwa nini inakuumiza, na ufanye nini

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Naishi Texas na mke wangu na watoto wetu wawili, nina karatasi za ukaazi wa kudumu. Kazi yangu ni ya zamu za usiku, kwa hiyo nilinunua Mossberg 590 Shockwave ya geji 12 ikae nyumbani kwa usalama. Muuzaji aliniambia ni fupi na nyepesi, mke wangu ataimudu, na kwamba shotgani hailengwi, unaielekeza tu. Tukaenda uwanja wa shabaha kuijaribu. Risasi ya kwanza niliipiga kutoka kiunoni, sikugusa hata karatasi. Ya pili nikainua usoni, mkono wangu mwenyewe ukanirudia, mdomo ukapasuka. Ya tatu nilipokoki, ganda likakwama. Mke wangu alipiga moja tu akaiweka chini, hataki hata kuiona. Sasa ni wiki ya pili, kidole gumba na kifundo cha mkono wa kulia bado vinauma. Je, ni mimi sijui kuishika au bunduki ina kasoro? Na naweza kuifunga kitako cha kawaida ili itulie?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa mdomo. Pole pia kwa shemeji, maana mtu akianza na bunduki ya namna hiyo, kumrudisha uwanjani ni kazi. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa: kitako usifunge. Kama umeshakiagiza, kirudishe. Sababu zake ni za kisheria na nitazieleza vizuri huko mbele. Kuhusu mengine, bunduki yako haina kasoro na wewe si dhaifu. Umeuziwa chombo kigumu kutumia kwa maneno ya chombo rahisi.

Watu wengi hudhani kwamba silaha ikiwa fupi na nyepesi basi ni ya wanaoanza. Kwa shotgani ni kinyume kabisa. Nguvu inayokurudia inatokana na kile kinachotoka mbele: uzito wa marisau (zile goroli ndogo zilizo ndani ya risasi), uzito wa baruti na mwendo wake. Risasi ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) ya marisau makubwa tisa ni ile ile, iwe umeitia kwenye bunduki nzito au nyepesi. Kinachobadilika ni jinsi chuma kinavyoipokea. Shockwave yako ina uzito wa kama kilo 2.4 ikiwa tupu. Shotgani ya pampu, yaani inayokokiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele, yenye mtutu wa inchi 18.5 na kitako chake huwa karibu kilo 3.2. Nikipiga hesabu kwa risasi hiyo moja, yako inakurudia kwa takriban mita 6 kwa sekunde na nishati ya kama jouli 45, na ile yenye kitako ni kama jouli 34. Kwa hiyo unapokea karibu theluthi moja zaidi. Ili upate kipimo, bastola ya kawaida ya milimita 9 haifiki jouli 10.

Lakini tofauti ya uzito siyo iliyokupasua mdomo. Jambo kubwa ni kitako chenyewe. Shotgani yenye kitako inakushika mahali pane: mkono wa mbele, mkono wa nyuma, bega na shavu. Teke linapokuja, kitako kinaligawa juu ya eneo pana la bega, na nyuma ya bega kuna mwili mzima unaoyumba nalo. Shavu likiwa limelala juu ya kitako, uso unakwenda pamoja na bunduki, kwa hiyo hakuna nafasi ya kitu kupata kasi na kukugonga. Ukiondoa kitako, mahali pawili panaondoka kwa pamoja na kazi yote inaangukia viganja. Tena mstari wa mtutu uko juu ya kiganja chako cha nyuma, kwa hiyo bunduki hairudi moja kwa moja. Inazunguka, mdomo wa mtutu unapaa, na kifundo cha mkono ndicho kinachogeuka kuwa bawaba. Wewe uliileta karibu na uso ukidhani unafanya kama watu wa shotgani za kawaida, ila hapakuwa na kitu kati ya ngumi yako na meno yako. Ngumi ikasafiri.

Umbo la mpini ulionao, ule uliopinda kidogo kama kichwa cha ndege, limekusudiwa kupunguza hilo. Unaruhusu bunduki izunguke mkononi badala ya kupigilia moja kwa moja kwenye uwazi ulio kati ya kidole gumba na cha shahada. Mpini wa kusimama wima kama wa bastola unaumiza zaidi ya huo. Ndiyo maana nasema huna bunduki mbovu. Shockwave ilitoka mwaka 2017, na Remington ikatoa mwenzake, 870 Tac-14, mwaka huo huo. Zote mbili zimetengenezwa vizuri. Ila tangu zamani shotgani fupi kupita kiasi zilikuwa na kazi maalumu, kama vile askari wa kuvunja milango kupiga bawaba au kitasa kisha akaiacha ining'inie na kuchukua silaha nyingine. Kazi hiyo ni ya risasi moja au mbili, kwa umbali wa karibu kugusa, mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Nyumba yenye watoto usiku wa manane ni jambo jingine.

Sasa hilo la "hailengwi, unaielekeza tu". Naomba ulifute kabisa kichwani, na ukirudi dukani usikubali liambiwe mtu mwingine mbele yako. Marisau yakitoka mtutuni hayafunguki papo hapo kama mwavuli. Katika umbali wa chumba, tuseme mita tano, marisau makubwa huwa bado yamekusanyika katika eneo ambalo kwa risasi nyingi halizidi ngumi. Ukikosa kwa upana wa mkono, umekosa kabisa, kama ulivyoona mwenyewe. Na mtutu wa inchi 14 hauyatawanyi sana kuliko wa inchi 18. Kinachoamua zaidi ni mbano wa mdomo wa mtutu na aina ya risasi. Mtutu mfupi unapunguza mwendo wa marisau kidogo na kuongeza mwako na kishindo, basi.

Na yale yaliyokosa yanakwenda wapi? Nyumba nyingi za Texas zina kuta za ndani za mbao na vibao vya jasi. Marisau makubwa hupenya kuta kadhaa za namna hiyo, na hata yale madogo ya kuwindia ndege, yakipigwa kwa karibu, hutoboa ukuta mmoja na kuendelea. Upande wa pili wa ukuta wako kuna kitanda cha nani? Hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza kila anayetaka kuweka shotgani nyumbani, kabla hata hatujazungumzia bunduki yenyewe. Tembea nyumba nzima mchana, simama mahali ambapo ungesimama usiku, tazama kila uelekeo na ujue kuna nini nyuma yake. Kupiga kutoka kiunoni kunaondoa uwezo wote wa kujibu swali hilo, kwa sababu macho yako na mtutu vinakuwa vinatazama mahali tofauti.

Kama utaendelea na hiyo Shockwave, au unataka tu kuijua kabla hujaiuza, kuna namna moja ya kuishika ninayoiamini. Mkono ukishapona, na ukiwa na mwalimu pembeni, simama mguu wa kushoto mbele, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, uzito uko kwenye vidole vya miguu. Inua bunduki hadi usawa wa macho, mikono imenyooka mbele lakini viwiko havijakazwa. Ngumi ya nyuma ibaki angalau shubiri moja mbele ya uso, haijalishi unaona vipi. Kisha mkono wa mbele usukume kwenda kwenye shabaha, wa nyuma uvute kuja kwako, yote kwa nguvu sawa, kama mtu aliyekwisha kuuvuta upinde na kuushikilia. Mvutano huo ndio unaochukua nafasi ya bega. Uuanze kabla ya kugusa triga na usiuachie hadi bunduki itulie. Wengi huuachia pale pale risasi inapolia, na hapo ndipo teke linapata mwanya. Tazama kishanga cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu, kiweke pale unapotaka, halafu bonyeza triga bila kuikurupusha.

Mkono wa mbele nao una jambo lake. Ukiitazama bunduki yako kwa chini, utaona mkanda mfupi kwenye kishikio cha mbele, ule watu wanaoudhania ni pambo na kuukata. Usiukate. Kutoka mwisho wa kishikio hicho hadi mdomo wa mtutu ni nafasi ndogo sana, na kiganja chenye jasho kikiteleza wakati wa kukoki kinaweza kufika mbele ya mtutu. Mkanda upo kuzuia hilo. Pitisha kiganja chote ndani yake, ukaze kiasi kwamba vidole vinafumbuka lakini kiganja hakitoki.

Ganda lililokwama linaelezwa na jambo lile lile la kukosa bega. Pampu inataka ivutwe nyuma hadi mwisho kabisa, kisha isukumwe mbele hadi mwisho. Mwenye kitako anaibana bunduki begani na mkono mmoja unafanya kazi huru. Wewe ulikuwa na bunduki inayopaa hewani, mkono wa kulia unauma, ukavuta robo tatu tu. Ganda likatoka nusu, risasi mpya ikaja, vikakutana njiani. Siyo kosa la mashine. Vuta kwa nguvu wakati bunduki bado inarudi, teke lenyewe linakusaidia, kisha sukuma kama unayetaka kuing'oa kishikio. Jizoeze kwa risasi bandia za plastiki zisizo na baruti, kwenye chumba ambacho hakuna hata risasi moja ya kweli.

Kitu kitakachokupa nafuu ya haraka zaidi ni risasi unayotumia. Sina shaka muuzaji alikupa marisau ya nguvu kamili. Ziko za teke dogo, marisau manane badala ya tisa na mwendo wa chini, na kwa bunduki yako nishati inashuka toka zile jouli 45 hadi kama 28. Kwa umbali wa ndani ya nyumba hakuna unachopoteza cha maana. Ziko pia zile fupi za inchi 1.75, ambazo teke lake halizidi sana jouli 13 na ni nzuri mno kwa kujifunzia. Ila zina tatizo: 590 ya kawaida huzikwamisha kwa sababu imeundwa kwa risasi za inchi 2.75 na 3, mpaka uweke kifaa kidogo cha mpira ndani ya mlango wa kujazia. Mossberg wenyewe walitoa toleo la 590S mwaka 2022 linalozikubali bila kifaa. Nyumbani usitegemee risasi ambayo hujaipiga ya kutosha katika bunduki hiyo hiyo bila kukwama.

Tuje kwenye sheria, na hapa unisome polepole. Sheria ya taifa ya Marekani ya mwaka 1934 inadhibiti vikali shotgani yenye mtutu chini ya inchi 18, au yenye urefu wote chini ya inchi 26. Wewe una mtutu wa inchi 14 na umeinunua dukani bila kibali maalumu. Imewezekanaje? Kwa sababu kisheria yako si shotgani. Shotgani ni ile iliyotengenezwa kupigwa kutoka begani, na yako ilitoka kiwandani bila kitako na haijawahi kuwa nacho, na urefu wake ni inchi 26 na kidogo. Inaangukia kwenye kundi la silaha tu, basi. Siku utakayoifunga kitako, imekuwa shotgani yenye mtutu mfupi ambayo haijasajiliwa, na adhabu yake inafika miaka 10 jela. Hata kubadilisha mpini una mtego: ule wa sasa ndio unaoifikisha juu ya inchi 26. Ukiuondoa na kuweka wa bastola ulio mfupi, urefu unashuka chini ya hapo na umeingia kundi jingine linalohitaji usajili kabla hujafanya lolote.

Kwako wewe kuna zaidi ya jela. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua silaha kama raia, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hilo peke yake ni sababu ya kufukuzwa nchini. Nimeona ndugu zetu wakifuata ushauri wa video fupi za mtandaoni wasijue kwamba anayewashauri ni raia na wao siyo. Na wale walioko kwa viza za masomo au za kazi za muda, kwa kawaida sheria inawakataza hata kuimiliki, isipokuwa kwa vighairi vichache. Wasiishike kwa niaba yako mkiwa safarini. Texas yenyewe ilibadilisha sheria yake mwaka 2017 ndipo bunduki hizi zikaruhusiwa huko, na yako majimbo, California mojawapo, ambako huwezi kuingia nayo. Ukitaka kuhama, muulize wakili kabla hujafunga mizigo. Kuhusu kuipeleka Tanzania, usiwaze. Huko ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya Texas au risiti ya duka haina maana yoyote mbele yake.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini, ningeirudisha dukani na kubadilisha. Utapoteza kiasi cha fedha, ni kweli. Lakini shotgani ya pampu ya geji 20, iliyo ndogo kuliko geji 12, mtutu wa inchi 18.5, kitako kifupi kinachomfaa shemeji, inatosha kwa nyumba na teke lake ni dogo zaidi. Kitako kifupi wewe utakivumilia. Kirefu yeye hatakiweza, kwa hiyo pima kwa aliye mdogo kati yenu. Hoja pekee ya kweli ya Shockwave ni ufupi wake kwenye korido na kona. Hoja hiyo ipo, siikatai. Ila tofauti ya urefu kati ya hizo mbili ni inchi kumi na kitu, na mtu anayesubiri chumbani na familia yake, mlango umefungwa na simu ya polisi iko sikioni, hana haja ya kuzunguka kona. Kama bado unaupenda ufupi, ipo Shockwave ya geji 20 na hata ya .410, ambazo teke lake ni dogo zaidi. Zinabaki bila kitako, kwa hiyo kazi ya kulenga haipungui.

Shemeji asilazimishwe. Mwenye kuogopa teke hufumba macho na kushtuka kabla ya risasi kulia, na tabia hiyo ikishaota ni ngumu kuing'oa. Mtafutie mwalimu mwenye cheti, na kama atajisikia huru zaidi na mwalimu mwanamke, wapo wengi Texas. Aanze na bunduki ndogo ya .22, halafu geji 20 yenye risasi nyepesi. Na kama ataamua hataki silaha kabisa, sikilizeni uamuzi huo na mpange usalama wa nyumba kwa milango, taa na kengele, kwa sababu usiku ukiwa kazini yeye ndiye atakayekuwa peke yake na hicho kitu.

Kwa hao watoto, bunduki ikae kwenye sanduku la chuma linalofungwa. Sheria ya Texas inamtia hatiani anayeacha kwa uzembe silaha yenye risasi, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia, na hata isingekuwepo sheria hiyo ningekuambia vilevile. Usiache risasi kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu ikiwa tayari kupigwa. Kitufe cha usalama cha pampu kinafunga triga, hakikuhakikishii lolote bunduki ikianguka kwa kishindo. Masikio nayo myalinde: kishindo cha shotgani hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu usikivu, na mtutu mfupi unakileta karibu zaidi na uso. Uwanjani vaeni vizibo vya ndani na vya juu kwa pamoja.

Huo mkono sasa. Wiki mbili ni nyingi mno kwa mshtuko wa kawaida. Nyoosha kidole gumba juu, utaona kishimo kidogo kwenye kitako cha kidole, upande wa kifundo. Kibonyeze taratibu. Kama kinauma hapo, inawezekana kuna mfupa mdogo umepata ufa, na mfupa huo una sifa mbaya: picha ya kwanza ya eksirei wakati mwingine haiuonyeshi, na ukiachwa bila kufungwa unaweza kukataa kuunga. Nenda kwa daktari wiki hii, mweleze kwamba ni teke la bunduki, na kama picha ni safi lakini maumivu yapo, muulize kuhusu kupiga picha nyingine baada ya siku kumi au zaidi. Ganzi kwenye vidole au kushindwa kufinya kitu kati ya gumba na shahada ni sababu ya kwenda leo, usingoje kesho. Hadi hapo, mkono huo usishike bunduki yoyote.